Breki ya Baisikeli na Haki ya Mpita Njia

Yako maswali ambayo wanafalsafa huyapita kwa kuyaona madogo, na mafundi huyaacha kwa kuwa hayahusu spana. Mojawapo ni hili: mtu aliye na baisikeli ambayo breki zake zinashika, walakini hazishiki vema, je, ana wajibu wa kuzibadili kwa nyingine zilizo bora? Simtaji mtu ambaye baisikeli yake haina breki kabisa. Huyo hukumu yake haina utata, maana hata mtoto ajua kwamba chombo kisichoweza kusimama hakifai kuondoka. Namtaja mtu wa katikati, ambaye kila siku hufika aendako salama, na kila afikapo hujiambia kwamba breki zake zatosha. Neno hilo, kutosha, ndilo nitakalo kulichungua katika kurasa hizi, kwa sababu watu wengi huishi ndani yake pasipo kuuliza: zatosha kwa nani?

Ili maneno yetu yasielee hewani, na tumweke mtu huyo mahali panapojulikana. Na aishi Kwihara, yapata kilometa 6 kutoka mjini Tabora, karibu na lile tembe ambamo Livingstone na Stanley walikaa pamoja mwaka 1872. Na awe tarishi katika ofisi moja ya mjini, mwenye mshahara mdogo na watoto watatu. Kila alfajiri hupanda baisikeli kwenda kazini, na siku za mapumziko huitumia kuchukua gunia la mkaa kutoka porini hadi sokoni, kama wafanyavyo wanaume wengi wa Unyamwezi. Baisikeli yake ni ya mtindo ule wa zamani ulioenea katika Afrika ya Mashariki, tangu Raleigh za Uingereza hadi Phoenix za China na Hero za Bara Hindi: nzito, ndefu, imara, yenye karia nyuma na breki za fimbo. Amejiwekea akiba kidogo. Akiba hiyo yaweza kununua breki mpya, au yaweza kununua mabati machache na sare za shule. Haiwezi kununua vyote viwili.

Inafaa tuielewe breki yenyewe kabla ya kumhukumu mwenye breki. Katika baisikeli hizi, mkono wa breki ulio chini ya usukani huvuta fimbo za chuma; fimbo huinua kipande kilichopindwa mfano wa upinde, na ncha zake mbili zenye raba hugandamiza rimu kwa upande wa ndani, ule unaotazama kitovu cha gurudumu. Uzuri wa mtindo huu ni kwamba fimbo haikatiki upesi kama waya, na fundi aliye chini ya mwembe aweza kuinyosha kwa nyundo. Udhaifu wake umo katika rimu ya chuma iliyong'arishwa. Ikilowa maji, raba huteleza juu yake, na nguvu ya kushika hupungua sana mpaka maji yafutike kwa mizunguko kadhaa ya gurudumu. Breki za waya hubana rimu ubavuni, nazo zikiwa pamoja na rimu za alumini hushika vizuri zaidi wakati wa mvua. Lakini rimu ya kale haina ubavu bapa wa kubanwa. Kwa hiyo atakaye kubadili breki hulazimika kubadili na magurudumu, na jambo lililoonekana kuwa la fedha kidogo huwa la fedha nyingi.

Yafaa pia tuijue hesabu ya kusimama, kwa sababu hesabu hii haina huruma na wala haina upendeleo. Mwendo ukizidi mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki ile ile huzidi mara nne. Kama breki za tarishi wetu zahitaji mita 4 kumsimamisha katika mwendo wa kilometa 15 kwa saa, zitahitaji mita 16 katika kilometa 30 kwa saa, mwendo ambao baisikeli huupata kwa urahisi katika mteremko. Mzigo nao una sehemu yake. Mtu na baisikeli yake wakiwa na uzito wa kilo 85, kisha likaongezwa gunia la kilo 60, zile mita 16 huwa kama 27. Juu ya hizo weka mita 8 zinazopitwa katika sekunde moja ambayo jicho laona, akili yaamua na mkono wafinya. Jumla ni mita 35. Hayo yote ni katika ukavu. Mvua ya kwanza ya mwezi wa Novemba ikinyesha, hesabu hiyo huvunjika, na hakuna ajuaye kwa hakika baisikeli itasimama wapi.

Sasa na tutazame njia ambayo tarishi huyu anaipita. Hapa palikuwa na msafara kabla ya kuwapo gurudumu. Njia kuu ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita Unyanyembe, na Kazeh, ambayo ni Tabora ya leo, ilikuwa kituo cha kupumzikia, kubadilishia wapagazi na kuhesabia pembe, merikani na ushanga. Burton na Speke waliingia Kazeh tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu walipoiacha pwani, baada ya kwenda maili zipatazo 600. Ukigawa maili hizo kwa siku hizo, pamoja na siku za kukaa, huoni hata maili 5 kwa siku. Mpagazi wa Kinyamwezi, akiwa na mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kama kilo 32, alikwenda kwa mwendo wa miguu, na miguu haina haja ya breki. Alipomwona mtoto mbele yake alisimama palepale. Uwezo wa kwenda na uwezo wa kusimama ulikuwa mmoja, umo katika kiungo kimoja.

Baisikeli iliutenga uwezo huo katika sehemu mbili. Miguu ndiyo iendayo, na mkono ndio usimamishao, kwa msaada wa vyuma na raba. Mtu aweza kuwa na miguu yenye nguvu na breki dhaifu. Aweza kupewa mwendo bila kupewa kituo. Hapo ndipo wajibu mpya ulipozaliwa. Mtu aliyejiongezea mwendo kwa chombo anawiwa na wenzake kusimama kwa chombo. Asiyefanya hivyo amechukua faida ya gurudumu na kuwaachia wengine hasara yake.

Nadhani njia iliyo wazi ya kuueleza wajibu huu ni kuuita deni. Tarishi wetu anapoahirisha kubadili breki, fedha anayoihifadhi haitoki katika hewa. Amekopa. Amemkopa mama muuza karanga aketiye kando ya barabara, na mtoto atokaye shuleni akikimbilia embe lililoanguka, na mzee ambaye masikio yake hayasikii tena kengele. Kila mmoja katika hao ametoa sehemu ndogo ya usalama wake ili mabati yapatikane Kwihara. Hawakuulizwa, hawakukubali, na wengi wao hawajui kabisa kwamba wamekopesha. Mwanafalsafa Immanuel Kant alifundisha kwamba mwanadamu asitumiwe kama chombo tu cha kufikia shabaha ya mwingine. Tarishi hana nia mbaya, na pengine humsalimu yule mama kila asubuhi kwa heshima zote. Hata hivyo salamu hailipi deni.

Watu watajibu kwamba ajali haina kinga. Methali hii ni ya kweli, lakini hutumiwa mahali pasipo pake. Maana yake ya asili, kwa nionavyo, ni kumliwaza aliyefikwa: usijitese, hukuweza kulizuia. Ni neno la baada ya tukio. Lakini Waswahili hao hao wamesema pia tahadhari kabla ya hatari, na hilo ni neno la kabla ya tukio. Methali hizi mbili hazigombani, maana kila moja ina saa yake. Makosa ni kuchukua faraja ya jioni na kuifanya udhuru wa asubuhi. Mtu asemaye ajali haina kinga huku amesimama mbele ya fundi, akitazama raba zilizokwisha, ameomba rambirambi kabla ya msiba.

Walakini haki inatutaka tuusikilize upande wa tarishi, na upande huo una nguvu. Atasema: nyumba yangu inavuja juu ya watoto wangu usiku huu, ilhali huyo mtoto wa embe ni mtoto wa labda. Kwa nini labda ishinde hakika? Tena atasema kwamba amepita njia hiyo miaka mingi bila kumgusa mtu. Hoja ya pili ni dhaifu, kwa kuwa kufika salama jana si ushahidi wa ubora wa breki. Yamkini ni ushahidi tu kwamba jana hakuna aliyekatiza. Lakini hoja ya kwanza haiwezi kupuuzwa. Maadili yanayomwamuru maskini awaache wanawe walowe ili atimize wajibu kwa mtu asiyemjua ni maadili yaliyotungwa na watu wenye paa.

Jibu langu ni kwamba deni hili lina njia mbili za kulipwa. Mtu aweza kulilipa kwa fedha, akanunua breki bora. Au aweza kulilipa kwa wakati, akapunguza mwendo. Hesabu ile isiyo na huruma hapa yageuka kuwa rafiki: mwendo ukipunguzwa kwa nusu, umbali wa kusimama hurudi kuwa robo. Tarishi anayeshuka na kukokota baisikeli yake penye mteremko, hasa mvua inyeshapo au gunia liwapo nyuma, amejirudishia miguu ya mpagazi, ambayo kwenda kwake na kusimama kwake ni kitu kimoja. Kati ya njia hizi mbili iko ya tatu iliyo nafuu: raba mpya, fimbo zilizonyoshwa, nati zilizokazwa, rimu iliyofutwa mafuta. Hayo hayageuzi mtindo wa breki, lakini huipa breki ya kale nguvu yake yote, nayo ni kazi ya nusu saa kwa fundi. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba kila mwenye breki za fimbo ana wajibu wa kununua magurudumu mapya. Nasema kwamba kila mmoja ana wajibu wa kulipa, na achague sarafu.

Wala asidhani mwenye fedha kwamba akinunua breki bora amekwisha lipa. Mwaka 1975 mwanauchumi Sam Peltzman wa Chicago alitoa makala mashuhuri akidai kwamba vifaa vya usalama vilivyolazimishwa katika magari ya Marekani viliwafanya madereva waongeze ujasiri, hata sehemu kubwa ya faida ikapotea. Wengi wamembishia kwa kiasi cha hasara alichokitaja, lakini jambo lenyewe limeonekana kwingineko. Katika mji wa Munich, Ujerumani, miaka ya 1980, teksi zilizotiwa breki za kisasa zisizofunga magurudumu zililinganishwa na teksi zisizokuwa nazo. Ajali hazikupungua kama ilivyotarajiwa, kwa sababu madereva wenye breki bora waliendesha kwa ukali zaidi. Maana yake kwetu ni hii: mtu aweza kununua breki kwa ajili ya wengine kisha akaitumia kwa ajili yake, kwa kuigeuza kuwa mwendo. Deni linabaki vilevile, na raba ni mpya. Tajiri mwenye breki za alumini anayeteremka kwa kasi kati ya watu aweza kuwa mdaiwa mkubwa kuliko maskini mwenye breki za fimbo anayekokota.

Sheria haitusaidii sana katika jambo hili. Mkataba wa kimataifa wa usafiri wa barabarani, uliofanywa Vienna mwaka 1968, unataka baisikeli iwe na breki inayofanya kazi vema, na kengele, na kiakisi chekundu nyuma. Ni neno jema, na askari wa barabarani hawezi kudai zaidi ya hapo. Lakini sheria huipima breki ikiwa peke yake, wala haijui kama leo ni masika au kiangazi, kama nyuma kuna gunia au kuna mtoto. Mwenye baisikeli ndiye peke yake anayeyajua hayo yote kwa wakati mmoja. Kwa hiyo palipo na mwisho wa macho ya askari ndipo panapoanza dhamiri ya mwendeshaji.

Nimesema kwamba maskini aweza kulipa kwa wakati. Hapa hatuna budi kwenda hatua moja mbele, la sivyo tutakuwa tumemdhulumu. Je, wakati huo ni wake? Iwapo mkubwa wa ofisi humkata mshahara tarishi aliyechelewa dakika 10, na iwapo mnunuzi wa mkaa mjini hushusha bei kwa gunia lifikalo baada ya saa tatu asubuhi, basi tarishi amefungiwa njia zote mbili. Fedha hana, na wakati umekwisha nunuliwa na mwingine. Atateremka kwa kasi, maana kasi ndiyo kitu pekee alichoachiwa. Siku hiyo mtoto wa embe akigongwa, kidole cha kila mtu kitamwelekea aliyekuwa juu ya baisikeli. Mimi nauliza ni nani aliyekula faida ya zile dakika 10.

Historia ya njia hii yatufundisha kulitambua swali hilo. Msafara ulikwenda polepole, lakini haukuwa mahali pa haki. Mfanyabiashara aliyekuwa na haraka ya kuwahi soko au kuikimbia mvua alikuwa akiinunua haraka yake kwa miili ya wachukuzi. Waliougua waliachwa nyuma kando ya njia, na watumwa waliofungwa hawakuwa na idhini hata ya kuketi. Mpagazi huru alitofautiana na mtumwa kwa jambo moja kubwa: aliweza kubwaga mzigo. Wasafiri wa Kizungu walijaza vitabu vyao malalamiko juu ya wapagazi waliotoroka, wala hawakufikiri kwamba kutoroka kule kulikuwa breki ya mtu asiye na njia nyingine ya kusimama. Uhuru una sura nyingi, na mojawapo ni kuweza kusema hapa nasimama pasipo kuangamia kwa kusimama huko.

Kwa hiyo mnunuzi wa mkaa ana hisa katika breki asizozipanda. Mama wa nyumbani mjini Tabora, mhadhiri anayepikiwa chai kwa mkaa huo, mkubwa wa ofisi anayetaka barua zifike mapema, wote wanakaa juu ya karia ya baisikeli ile, ingawa hawaonekani. Wakiongeza bei kidogo, au wakiongeza dakika chache, wameongeza breki. Wakipunguza, wamepunguza. Twapenda kuyaita mambo haya ya uchumi, kana kwamba uchumi ni mvua inyeshayo yenyewe, lakini kila bei ina mkono wa mtu aliyekubali au aliyekataa.

Liko jambo la mwisho, nalo ni aibu. Vijana wengi huona kupunguza mwendo kuwa ni uoga, na kukokota baisikeli mbele ya watu kuwa ni fedheha. Mji wa Tabora una kumbukumbu ya kuwajibu. Mwezi wa Januari 1958 wajumbe wa TANU walikutana hapa kuamua kama chama kitaingia katika uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimtaka kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wengi waliona kukubali ni kujidhalilisha, na baada ya uamuzi Zuberi Mtemvu alitoka akaunda chama chake. Nyerere, ambaye alikuwa amesoma katika shule ya mji huu huu, aliwasihi wenzake waizuie hasira yao ili wafike. Uamuzi ule uliitwa wa busara, na Tanganyika ikapata uhuru wake Desemba 1961. Silinganishi uzito wa mambo haya mawili. Nataka tu kusema kwamba watu wa mahali hapa wamekwisha kuona kujizuia kukihesabiwa kuwa nguvu, na kijana akokotaye baisikeli yake mteremkoni hana sababu ya kuinamisha uso.

Basi mwenye baisikeli akisimama mbele ya fundi na asijue la kufanya, na ajiulize mambo matatu. La kwanza: nachukua nani na nini nyuma yangu? Aliyembeba mtoto au abiria amepokea amana, na amana hailindwi kwa raba zilizokwisha. Huyo na anunue, hata kwa kujinyima. La pili: nawapita nani, na kwa mwendo gani? Apitaye peke yake porini katika mchanga tambarare ana deni dogo. Akatizaye sokoni ana deni kubwa. La tatu: wakati wangu ni wa nani? Ikiwa ni wake mwenyewe, na aulipe kwa wapita njia bila ubahili. Ikiwa ni wa mwingine, na amwendee huyo mwingine amwambie waziwazi kwamba breki ni mbovu na njia ina watu, ili tangu siku hiyo awe mshirika anayejua.

Tarishi wetu wa Kwihara, kwa hesabu hii, aweza kununua mabati yake mwaka huu. Ila kabla ya kuyafunga juu ya karia, na atoe katika akiba ile fedha ya raba nne mpya na ujira wa fundi. Magurudumu yatangoja. Na mvua ikianza kunyesha, ashuke mwanzoni mwa mteremko, apite mbele ya yule mama wa karanga kwa miguu yake, naye mkubwa wa ofisi ajue tangu leo kwamba siku za masika barua zitachelewa.